Useng, Mwana wa Tiyoh

Kwamba mumewe alikuwa na jina la serikali, Mek Limoh alilijua hilo tangu zamani. Wanaume wote wa Paya Kelubi wa rika lile walikuwa nalo. Walipelekwa shule wakiwa wadogo, miaka mitatu minne, mwalimu aliyetoka kaskazini akafungua daftari, akasikia Useng, akasikia Deraoh, akasikia Kadir, akatikisa kichwa, akaandika majina aliyoona yeye yanafaa kuandikwa. Wasichana hawakupelekwa, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuwabadilisha. Lakini jina lenyewe la mumewe ni lipi, hilo Mek Limoh hakuwahi kuuliza. Lilikaa kwenye kadi, kadi ikakaa kwenye mfuko wa shati, na siku ya kufua kadi ilitolewa kwanza ikawekwa dirishani isilowe. Yeye hakujua kusoma Kithai, na mumewe hakuona haja ya kumsomea. Walilala na kuamka hivyo miaka arobaini na sita, na jina la serikali halikuitwa kula hata siku moja.

Jumapili Useng aliamka alfajiri, akagema miti yake ya mpira, akaoga, akavaa shati la kijani, akamchukua tetere wake kwenda mjini kwenye mashindano pamoja na rafiki yake Kadir. Saa nne, matundu yakiwa yamepandishwa juu ya milingoti na waamuzi wameketi chini wakisikiliza ndege yupi anaimba vizuri, Useng alisema, "Kadir, nishikie kofia," akakaa chini, asiinuke tena. Gari la waokoaji likamchukua. Kadir alifuata kwa pikipiki, tundu moja mbele na jingine nyuma, akamtafuta wodi hata wodi mpaka jua likazama, na kila alipouliza aliambiwa hakuna Useng hapa. Mwishowe mfagiaji mmoja, Mmelayu wa ng'ambo ya mto, alimvuta pembeni akamwambia: mzee wa uwanja wa matetere alifariki saa tisa. Ofisi imefungwa. Rudini asubuhi.

Ndiyo sababu Jumatatu, saa mbili na nusu, Mek Limoh alikuwa amesimama mbele ya dirisha la hospitali, mkebe wa biskuti kifuani. Nje, kwenye pikapu ya Kadir, kulikuwa na jeneza la msikiti na shuka mbili mpya. Kijijini kaburi lilikuwa linachimbwa. Imamu alikuwa amesema, tumzike kabla ya alasiri, maiti ameshalala usiku mzima kwa watu.

"Useng," alisema. "Useng wa Deramae. Wa Paya Kelubi."

Karani wa dirishani aliitwa bwana Thawat. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya kuchoka na kikombe cha chai kilichopoa. Alipitisha kidole kwenye orodha, akarudi juu, akapitisha tena.

"Hayupo, bibi."

Mek Limoh Kithai alikisikia vizuri. Ukiuza ndizi sokoni miaka thelathini utakisikia tu. Kukisema ndiko alikokataa, na Kadir ndiye aliyekuwa mdomo wake.

"Anasema hayupo," Kadir alimwambia.

"Nimemsikia. Mwambie mtu aliyefariki jana saa tisa hawezi kuwa ameondoka mwenyewe."

Kadir alisema kwa Kithai, kwa adabu zaidi kidogo. Bwana Thawat alitazama tena orodha. Waliofariki jana walikuwa wawili, akasema. Mmoja kijana wa pikipiki. Mwingine mzee, aliletwa na waokoaji, kadi ilikuwa mfukoni. Jina lake Sombun.

"Sombun," Mek Limoh alisema, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Akamgeukia Kadir. "Wewe umekaa naye tangu mmeota meno. Ndiye?"

Kadir alikuna kichwa chini ya kofia. "Mek, mimi mwenyewe kwenye kadi ni Wichai, na juzi mtu wa chanjo ameniita Wichai mara tatu, nimekaa namtazama tu, namwonea huruma huyo Wichai hakuja. Nitajuaje la Useng?"

Bwana Thawat aliinuka, akachukua funguo. Akasema, njooni mtazame.

Chumba kilikuwa cha baridi na harufu ya dawa. Shuka lilipofunuliwa, alikuwa Useng. Ndevu zake, kovu la kisu cha kugemea kwenye kidole gumba, shati la kijani limekunjwa miguuni. Uso ulikuwa umetulia kama anasikiliza ndege. Mek Limoh alimsomea alilokuwa nalo la kumsomea, akampangusa kipaji kwa ncha ya mtandio. Hakulia pale. Kulia alikuwa amekuweka kwa ajili ya nyumbani.

Kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia walikuwa wamefunga kikaratasi kwa uzi mweupe. Kilikuwa na maandishi ya Kithai.

"Kimeandikwa nini?"

"Sombun," Kadir alisema, akitazama pembeni.

Walirudi dirishani. Bwana Thawat alionekana amefarijika. Mambo yalikuwa yamekwisha, alisema. Kwa kawaida angetaka kitabu cha nyumba, kile cha kuandikisha wakazi, na cheti cha ndoa cha serikali, lakini picha ya kadi inafanana na bibi amemtambua, kwa hiyo angewasaidia. Akachapa karatasi, akaisukuma chini ya kioo pamoja na kisahani cha wino.

"Kidole gumba, bibi. Hapa."

"Inasemaje?"

Kadir aliisoma polepole. "Mimi Limoh, mke wa Sombun, nimempokea Sombun, mume wangu, akiwa maiti."

Mek Limoh aliutazama ule wino. Akaweka mkebe juu ya rafu ya dirisha, akakunja mikono.

"Mimi sijaolewa na Sombun," alisema.

Hapa inabidi nieleze jambo la Deraoh, maana bila hilo utasema mwanamke huyu ana kichwa kigumu tu.

Deraoh alikuwa kaka mkubwa wa Useng. Miaka thelathini na moja nyuma alianguka kutoka kwenye lori la mpira njiani, akaletwa hospitali hii hii, wakati huo ikiwa na paa la mabati. Nyumbani walipata habari, wakaja. Baba alimwulizia Deraoh siku ya kwanza, mama yao Tiyoh akamwulizia siku ya pili, Useng akamwulizia siku ya tatu. Kila mara walijibiwa hakuna Deraoh. Siku ya nne ndipo mtu mmoja alipofikiria kuuliza kadi ilisemaje, na kadi ilisema Manit. Manit alikuwa ameshazikwa jana yake na watu wa hisani, nje ya mji, pamoja na maiti wengine wasio na wenyewe. Hakuoshwa. Hakuvishwa sanda. Hakuna aliyemsomea talakini, maana talakini inamwita maiti kwa jina lake na jina la mama yake, na pale hakuna aliyejua hata moja. Juu ya makaburi kulikuwa na vijiti vyenye namba, na daftari la namba wakaambiwa lipo ofisini, na ofisini wakaambiwa lipo kule.

Tiyoh hakumaliza mwaka baada ya hapo. Useng naye kila mwezi wa Shaabani alikuwa akienda kwenye lile shamba la vijiti, anasimama katikati, anasoma, anasema, "Deraoh, sijui uko upi, basi dua hii igawaneni wote." Siku moja alirudi kutoka huko, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akamwambia mkewe: "Mimi nikifia mbali, nitafute kwa jina nililokuolea. Wakisema hawalijui, kaa hapo mpaka walijue." Mek Limoh alikuwa anapepeta mchele. Alisema ndiyo. Hakulichukulia kuwa zito. Ulikuwa mchana wa kawaida.

Ahadi nyingine hukujia ukiwa umeshazisahau, zikakudai mbele za watu.

"Mek," Kadir alimwambia sasa, kwa sauti ya chini. "Weka kidole. Karatasi ni karatasi. Tukifika nyumbani imamu atamwita Useng, sisi tutamwita Useng, nani mwingine amebaki wa kumwita? Wino unaoshwa."

"Deraoh hakuoshwa."

"Deraoh walimkosa. Huyu tumempata, yuko hapo nyuma ya mlango. Alasiri haitungoji."

"Najua alasiri ni saa ngapi, Kadir. Nimeiswali kabla hujajifunza kujifunga saruni yako." Akagonga kioo kwa ukucha. "Mwambie. Nikiweka kidole hapo nimekubali kwamba nimemchukua mume wa mtu. Huyo Sombun ana mke gani, ana mama gani, mimi sijui. Na Useng wangu atakuwa wapi? Kwenye vitabu vyao Useng atakuwa hajazaliwa, hajaoa, hajafa. Aandike Useng, nitachukua hata karatasi kumi."

Kadir alifasiri. Alipofika kwenye maneno mume wa mtu, bwana Thawat alifunga macho kidogo.

"Bibi, nisikilize," alisema. "Nataka uende nyumbani na mumeo. Lakini kadi imeandikwa Sombun. Kama unasema huyu si Sombun, basi mimi siwezi kukupa mwili wa Sombun. Umenielewa? Itabidi nipate barua ya mkuu wa kijiji."

"Mkuu wa kijiji yuko kwenye mkutano Bangkok," Kadir alisema. "Anarudi keshokutwa."

"Basi keshokutwa. Ila siku ya tatu wasio na wenyewe huwa tunawakabidhi kwa watu wa hisani." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kupita. Kidole chake kikagusa kisahani cha wino. "Au sasa hivi."

Mek Limoh alilisikia lile neno la watu wa hisani kwa Kithai, halikuhitaji kufasiriwa. Alikwenda kwenye benchi lililo mbele ya dirisha, akaketi, mkebe mapajani. Kadir alidhani amekubali, akaanza kumwinamia amsaidie kuinuka.

"Mashindano yanaendelea leo?" Mek Limoh aliuliza.

"Leo ndiyo fainali. Kwa nini?"

"Nenda uwanjani. Waambie wenzake."

"Niwaambie nini?"

"Useng anataka watu wanaomjua."

Kadir alimtazama, akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Akavaa kofia yake vizuri na kutoka.

Alipobaki peke yake Mek Limoh alifungua mkebe. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu iliyokunjwa mara nne, imepata rangi ya chai, maana mwaka wa gharika kubwa kitabu cha nyumba kilikwenda na maji lakini mkebe ulikuwa juu ya kabati. Ilikuwa karatasi ya ndoa, aliyoiandika imamu wa zamani kwa mkono wake, Kimelayu kwa herufi za Kiarabu. Muuguzi mmoja alikuwa akipita na sinia la dawa. Msichana wa miaka ishirini na kitu, ushungi mweupe, kibao kifuani.

"Mwanangu," Mek Limoh alimwita kwa Kimelayu. "Njoo unisaidie."

Msichana alijibu kwa Kithai, "Ngoja kidogo, bibi," akaendelea na hatua zake.

"Ushungi huo unaufunga kama watu wa Teluban," Mek Limoh alisema, bila kupandisha sauti. "Pindo ndani. Mama yako ndiye aliyekufundisha, au bibi yako?"

Msichana alisimama. Alitazama upande wa dirisha, bwana Thawat alikuwa anajibu simu. Akarudi, akainama.

"Bibi yangu," alisema, kwa Kimelayu sasa, taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyodekiwa sasa hivi. "Tukiwa kazini tunatakiwa tuseme Kithai, Mek. Usinichukie."

"Sikuchukii. Kibao kinasemaje?"

"Suda."

"Na nyumbani?"

"Suraidah."

"Basi keti, Suraidah, dakika moja. Hii unaweza kuisoma?"

Aliketi kwenye ukingo wa benchi. Herufi hizo alikuwa amejifunza madrasa ya Jumamosi, mpaka darasa la nne, kisha masomo ya hospitali yakaja. Alianza kwa kunong'ona, akikwama, akifuata mstari kwa kidole. Useng bin Deramae, mama yake Tiyoh. Halimah binti Yakoh, ndiye Limoh mwenyewe. Mahari. Shahidi wa kwanza, mtu ambaye sasa ni marehemu. Shahidi wa pili, Abdulkadir bin Mahama.

"Huyo wa pili ndiye aliyetoka hapa sasa hivi," Mek Limoh alisema. "Kichwa kama nazi."

Suraidah alicheka kwa pua, akajizuia. Kisha Mek Limoh akamweleza yote, la kidole, la kikaratasi, la Deraoh. Msichana alisikiliza akiwa amekunja ncha ya ushungi mkononi. Mek Limoh alipomaliza, Suraidah akasema: "Mek, ile fomu ina mstari mwingine. Chini ya jina la marehemu. Jina jingine analojulikana nalo. Wakiwapo mashahidi wawili linaandikwa, na barua ya mkuu wa kijiji haihitajiki. Nimejaza fomu hizo miaka miwili. Huo mstari sijawahi kuona umejazwa."

"Kwa nini?"

"Hakuna anayeuliza."

Saa nne kasorobo kulisikika pikipiki nje, si moja. Halafu sauti ya askari wa getini. Mek Limoh alisikia mazungumzo yote kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Kwenye tundu mna nini?"

"Tetere."

"Na hilo?"

"Tetere."

"Na hilo lililofunikwa?"

"Tetere anayeona haya."

Wakaingia. Kadir mbele, nyuma yake wazee saba, kofia vichwani, saruni zimefungwa vizuri, kila mmoja na tundu lake mkononi, maana hakuna mtu mwenye akili anayemwacha ndege wa fainali juani akaenda msibani. Wengine Mek Limoh aliwajua, wengine aliwajua kwa majina tu, kutokana na hadithi za Useng: yule aliyewahi kumwuzia kifaranga kilema, yule anayemlisha ndege wake mayai. Waliweka matundu chini kando ya ukuta, wakaketi kwenye sakafu. Kadir alikuwa ameleta pia tundu la Useng, akalisogeza karibu na miguu ya Mek Limoh. Ndege wake alikuwa amejikunja, kimya.

"Mmeacha fainali?" Mek Limoh aliuliza.

"Waamuzi walikuwa wamenunuliwa," mzee wa mayai alisema.

"Walikuwa hawajanunuliwa," jirani yake akasema. "Ndege wako haimbi tu."

Bwana Thawat alikuwa amesimama nyuma ya kioo, simu mkononi. Alitazama wazee, alitazama matundu. Nyuma yake mlango ulifunguliwa na mkubwa fulani akachungulia, akarudi ndani. Askari wa getini naye alikuja akasimama mlangoni na bunduki yake. Hakuna aliyemtazama.

Mek Limoh aliinuka. Kule kwao, maiti akishaswaliwa, imamu huwageukia watu na kuuliza: mnamshuhudia vipi mtu huyu? Nao hujibu. Ni kazi ya wanaume na hufanyika msikitini, na Mek Limoh alilijua hilo kama alivyojua njia ya kisimani. Akauliza hata hivyo.

"Nyuma ya mlango ule kuna mtu amelala. Kwenye kidole wamemfunga jina. Mimi sisemi kitu, nauliza tu. Mtu huyo mnamshuhudia kuwa nani?"

Wazee walitazamana, swali la msikitini limetoka mahali pasipo pake. Kisha Kadir akasema, "Useng wa Deramae." Na mzee wa mayai, "Useng wa Paya Kelubi." Na wa tatu, "Useng, mwana wa Tiyoh, aliyeniuzia dume akaniambia jike." Wakaendelea hivyo mpaka wa mwisho, ambaye alikuwa kiziwi kidogo na ilibidi agongwe begani, akasema jina kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndege wawili wakaanza kuimba.

Suraidah alikuwa bado amesimama kando ya benchi na sinia lake. Akaliweka chini. Akaenda dirishani, akasimama mahali pa Kadir, akaanza kufasiri. Hakufasiri kwa kunong'ona. Alimwambia bwana Thawat kwa Kithai, mashahidi wako wanane, na mmoja wao jina lake limo kwenye karatasi ya ndoa. Halafu akamgeukia Mek Limoh akarudia yote kwa Kimelayu, pale pale, mkubwa akiwa amechungulia tena.

"Suda," bwana Thawat alisema.

"Mstari wa pili, bwana," msichana alisema. "Jina jingine."

Bwana Thawat alimtazama kwa muda. Kisha akaketi, akachana karatasi ya kwanza, akachapa nyingine yenye jina la kadi tu. Akaandika. Akauliza herufi za jina, Suraidah akamtajia moja moja.

"Si chini," Mek Limoh alisema. "Mwambie, jina la kwanza ni Useng. Hilo la pili ndilo jingine."

Suraidah alifasiri. Bwana Thawat aliweka kalamu.

"Bibi, fomu imechapwa hivyo. Juu ni la kadi."

Kadir alivuta pumzi. Saa ya ukutani ilisema nne na dakika ishirini. Mek Limoh aliitazama karatasi kupitia kioo, akaona mistari miwili, mmoja mweusi wa mashine, mmoja wa bluu, wa mkono, wino wake haujakauka. Alifikiri juu ya kaburi lililokwisha kuchimbwa.

"Na mstari wa mimi kupokea? Huo nao umechapwa?"

"Huo bado."

"Basi pale aandike nimempokea Useng."

Bwana Thawat aliandika. Akasoma kwa sauti, Suraidah akafasiri: Mimi Limoh, mke wa Useng, nimempokea Useng, mume wangu. Mek Limoh alimfanya arudie. Halafu kisahani cha wino kikapita chini ya kioo kwa mara ya pili.

Akakirudisha.

"Hiki ni cha nini?"

"Kidole gumba," Suraidah alisema. "Kwa wasiojua kuandika."

"Nani kasema sijui kuandika?"

Alinyoosha mkono, akapewa kalamu. Aliinama, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, bila haraka, kama anavyoandika kwenye mitungi yake ya samaki wa kuchacha ni mwezi gani alitia chumvi: Halimah binti Yakoh, mke wa Useng bin Deramae. Mkia wa herufi ya mwisho aliuvuta mpaka ukavuka mstari wao. Wazee walisogea kutazama.

"Mimi hii siwezi kuisoma," bwana Thawat alisema.

"Na mimi ya kwako siwezi," Mek Limoh alisema. "Nimesaini yako. Wewe tunza yangu."

Suraidah alilifasiri hilo pia, neno kwa neno. Bwana Thawat aligonga muhuri chini ya ile saini, akachukua funguo.

Wazee walimbeba wenyewe. Kabla hawajamwinua, Mek Limoh alipiga goti miguuni, akafungua ule uzi mweupe. Fundo lilikuwa gumu, akalikata kwa meno. Kile kikaratasi alikiweka kwenye kiganja cha bwana Thawat, akakifunika kwa vidole vya bwana mwenyewe, kama mtu anayemrudishia jirani sindano.

"Hiki ni cha kwenu," alisema. Na maneno hayo, ya kwanza na ya mwisho siku ile, aliyasema kwa Kithai.

Walifika Paya Kelubi adhuhuri inaadhiniwa. Wakamwosha, wakamvisha, wakamswalia, wakamzika alasiri bado iko mbali. Makaburi yako nyuma ya msikiti, na dirisha la jiko la Mek Limoh linatazama huko. Alikaa pale. Upepo ulikuwa mzuri, sauti ya imamu ikafika yote. Ewe Useng, mwana wa Tiyoh, wakikujia malaika wawili wakakuuliza, usiogope. Hapo ndipo alipolia, tena alilia sana, mpaka wanawake wakamwondoa dirishani. Yule tetere walikuwa wamemtundika barazani mahali pake pa siku zote. Siku tisa hakuimba. Ya kumi alianza, akiwa amekosea sauti.

Mek Limoh alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, hakutoka nje ya ua. Kadir alikuwa akipita jioni na habari za uwanjani na kutukanwa kidogo. Suraidah alikuja mara mbili kwa pikipiki yake, siku za mapumziko, akiwa na daftari, eti Mek amfundishe kuvuta mkia wa herufi. Mara ya pili alimletea jambo aliloombwa alitafute. Daftari la namba lipo, alisema. Limo kabatini hospitali, la miaka ile yote.

Siku ya kwanza ya kutoka eda, Mek Limoh aliosha uso, akavaa nguo safi, akamwita Kadir na pikapu yake. Saa mbili na nusu alikuwa mbele ya dirisha. Bwana Thawat aliinua kichwa, akamtambua, akatazama nyuma yake kama kuna matundu. Hayakuwapo. Alikuwapo Kadir tu, na Suraidah, aliyekuwa ameshasimama kando ya kioo bila kuitwa.

"Nimekuja kumwulizia mtu," Mek Limoh alisema. "Deraoh wa Deramae, mwana wa Tiyoh. Ninyi mlimwandika Manit. Miaka thelathini na moja." Akavuta kiti, akaketi. "Leo sina haraka ya alasiri. Naweza kungoja."